Wamekuona Ukitoka Mangweni, Usiogope Wakikuona Ukiingia Mkutanoni

(Hotuba iliyotolewa Jumamosi mchana katika ukumbi wa kijamii mjini Mombasa, mbele ya wakazi, familia na wahudumu wa afya wa jamii. Imeandikwa kama ilivyosemwa, ila imefupishwa mahali pachache.)

Wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mlioketi kule nyuma karibu na mlango kama watu wanaotaka kutoka kabla hawajaulizwa kitu: asalaam aleikum, na bwana asifiwe. Hamjambo?

Nimefanya kazi ya ushauri nasaha kwa miaka mingi, na swali ninaloulizwa zaidi si lile mnalodhani. Watu hawaniulizi pombe ina madhara gani. Madhara wanayajua kuliko mimi, wao ndio waliolala nayo na kuamka nayo. Wanachoniuliza, tena kwa sauti ya chini, wakiwa wameshasimama waende zao, ni hiki: "Hiyo mikutano unayosema iko wapi? Na nikifika nifanyeje?" Ni mikutano ya Alcoholics Anonymous, AA, ambako walevi husaidiana kuacha pombe. Basi leo nimekuja kulijibu hilo tu. Sitahubiri. Wahubiri tunao, tena wazuri, na mlevi amewasikia wote.

Msidhani tunazungumza habari ya watu wachache wa mtaa fulani. Utafiti wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulionyesha kuwa katika Wakenya wa umri wa miaka 15 hadi 65, mmoja katika kila 8 anakunywa pombe, na mmoja katika kila 20 ameshafikia uraibu. Hebu utazame ukumbi huu na uhesabu safu mbili tatu. Sisemi umtazame jirani yako kwa jicho baya. Nasema hesabu hiyo inatugusa hapa hapa.

Kabla ya habari ya mkutano, lipo jambo la hospitali, na nawaomba wale wenye wagonjwa nyumbani walishike. Mtu anayekunywa kila siku, anayeamka mikono ikitetemeka na jasho likimtoka mpaka azimue kwa glasi ya asubuhi, au kama vijana wanavyosema, mpaka atoe loki, huyo asiache pombe ghafla akiwa peke yake chumbani. Mwili wake umeizoea pombe kiasi kwamba ukiikosa unapiga kelele. Mtetemeko huanza saa chache baada ya glasi ya mwisho. Katika siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kifafa hata kama maisha yake yote hajawahi. Siku ya pili, ya tatu, ya nne, wengine huchanganyikiwa: anaona wadudu ukutani, anazungumza na watu wasiokuwepo, joto linapanda, moyo unakwenda mbio. Na hapa kwetu Pwani mnajua kinachofuata. Jamaa wanasema amepandwa, anapelekwa kwa mganga, anafukizwa ubani, na huku anakufa kwa ugonjwa wenye dawa. Mpelekeni hospitali. Kuna dawa za kuutuliza mwili siku hizo chache, na kuna vitamini B1 ambayo mnywaji wa muda mrefu huwa ameishiwa nayo. Mkutano utamsubiri. Hata wenye mikutano wenyewe watakwambia hivyo hivyo: kwanza daktari, halafu njoo tukae.

Sasa, mikutano hii ilitoka wapi? Nitakaa kidogo kwenye hadithi hii, kwa sababu ukiielewa hutauliza tena kwa nini mle ndani hakuna mtaalamu.

Mwezi wa Mei mwaka 1935, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani, alikuwapo mgeni mmoja kutoka New York aliyeitwa Bill Wilson. Kazi yake ilikuwa ya mambo ya hisa. Alikuwa mlevi aliyeacha kama miezi mitano hivi, na biashara iliyompeleka Akron ilikuwa imeharibika. Mfukoni hana kitu, jioni ya Jumamosi, amesimama ukumbini mwa hoteli ya Mayflower. Upande mmoja baa, watu wanacheka, glasi zinagongana. Upande wa pili simu, na kando yake orodha ya makanisa ya mji. Nyinyi mnaojua jioni za Jumamosi mnaelewa alisimama wapi yule bwana.

Akaenda kwenye simu. Akampigia mchungaji asiyemjua na kumwambia ukweli: mimi ni mlevi, natafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Mchungaji akampa majina. Akapiga huku, akapiga kule, mpaka akampata mama mmoja, Henrietta Seiberling, aliyekuwa na rafiki daktari wa upasuaji, Bob Smith, ambaye pombe ilikuwa imemmaliza. Kesho yake, Jumapili jioni, wakakutanishwa. Daktari alikuja na hangova yake, akasema atakaa dakika 15 tu. Wakaachana saa tano ya usiku imeshapita.

Walizungumza nini saa zote hizo? Huko New York Bill alikuwa amewahubiria walevi kwa miezi na hakuna aliyeacha. Hata daktari aliyemtibu alimwonya apunguze mahubiri. Siku ile hakuhubiri. Alisimulia yake: alivyokunywa, alivyoficha chupa, alivyoahidi akavunja. Na Bob Smith, aliyeshauriwa na kila mtu mjini, akasikia kwa mara ya kwanza mtu anayeyajua yale kutoka ndani. Bill naye hakuwa anatoa msaada tu, alikuwa anajiokoa na ile baa.

Na msidhani mambo yalinyooka papo hapo. Wiki chache baadaye Bob alisafiri kwenda mkutano wa madaktari Atlantic City, akalewa chakari. Glasi yake ya mwisho aliinywa tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa kuzaliwa kwa Alcoholics Anonymous, ambayo sote tunaiita AA. Mwanzilishi mwenyewe aliteleza baada ya kikao cha kwanza! Kwa hiyo kama mtu wako alikwenda mkutano mmoja kisha Jumamosi akarudi amelewa, usimwambie "hata huko wamekushindwa." Bob Smith alilala bila pombe kuanzia siku ile hadi alipokufa mwaka 1950, na kati ya hapo aliwasaidia maelfu.

Hicho ndicho kitu chenyewe kilichomo mle. Wanywaji wanaozungumza na wanywaji, wakiwa sawa. Profesa aliyeingia jana ni mgeni, na mpakiaji wa bandarini aliyeacha miaka 10 iliyopita ndiye mwenyeji wake. Sisi washauri, madaktari, maimamu na mapadre tuna kazi yetu na tutaifanya, lakini ile kazi ya mtu kumwambia mwenzake "hata mimi nilikuwa nauza nguo za watoto" hatuwezi kuifanya. Hatuna haki nayo.

Haya, unaipata wapi?

Njia rahisi kwa mtu asiyejua pa kuanzia ni simu ya NACADA, 1192. Hailipishwi. Anayepokea ni mshauri. Usianze kueleza maisha yako yote kama hutaki. Sema tu: "Natafuta mkutano wa AA ulio karibu na Changamwe," au Likoni, au Mtwapa, popote ulipo. Njia nyingine ni hospitali za serikali na vituo vya kurekebisha tabia. Vituo vingi huwapeleka wagonjwa wao mikutanoni, kwa hiyo wahudumu wanajua upo wapi na siku gani. Ofisi ya parokia pia huulizwa, kwa sababu vikundi vingi hupanga chumba kwenye majengo ya makanisa. Na wale wenye simu za intaneti, orodha za AA zipo mtandaoni, lakini nawaonya: orodha huzeeka. Chumba kimehamishwa, saa imebadilishwa, na karatasi haijui. Ukikuta namba, piga kwanza.

Ukipiga, uliza mambo manne matano tu. Siku na saa. Lugha inayotumika, maana kuna vikundi vya Kiingereza kitupu na kuna vinavyochanganya na Kiswahili. Unaingilia geti gani, na chumba kiko wapi ndani ya uwanja, ili usizunguke ukiuliza watu. Kama wewe ni mwanamke, uliza kama kuna wanawake wengine wanaohudhuria. Na uliza kama mkutano ni wa wazi au wa kufungwa. Wa wazi anaingia yeyote, hata mke, mwanafunzi, mimi mshauri. Wa kufungwa ni wa wale tu wanaotaka kuacha kunywa. Kama wewe ndiye mwenye shida, milango yote miwili ni yako. Sharti la kuwa mwanachama ni moja: nia ya kuacha pombe. Huulizwi umeacha lini, huulizwi unakunywa mnazi, chang'aa au wiski ya dukani.

Kisha pesa. Hakuna ada. Hakuna fomu, hakuna kadi. Mwishoni hupitishwa kikapu au kofia, kwa ajili ya kodi ya chumba na chai, na mgeni hata hatazamiwi kutoa. AA ina utaratibu wake wa tangu zamani wa kujitegemea, hata michango ya watu wa nje haipokei. Kwa hiyo mtu akikuambia utume pesa za usajili kwa M-Pesa ndipo akuelekeze mkutanoni, huyo anauza kitu kingine.

Jambo dogo la njiani, ambalo nimeona likiwaangusha watu wazima: angalia barabara. Mikutano mingi ni ya jioni, baada ya kazi, saa ile ile kiu inapopanda. Kama matatu yako inakushusha mbele ya baa uliyoizoea, shuka kituo cha kabla au panda tuktuk moja kwa moja. Kula kitu kabla ya kutoka. Njaa na hasira na uchovu vikikutana saa kumi na mbili jioni, nia ya asubuhi haifiki mbali.

Sasa nifike kwenye kinachowazuia watu kweli. Wengi wamepata anwani, wamepata saa, wamefika mpaka getini. Wakarudi. Kwa nini? Wasije wakaonekana.

Nitawaambia ninavyowaambia ofisini, na mniwie radhi kwa ukali. Ndugu yangu, mtaa mzima umekuona ukitoka mangweni unashika ukuta. Watoto wa jirani wamekusaidia kutafuta kiatu. Mkeo amekupokea mlangoni mbele ya mama mkwe wako. Hayo yote yameonekana. Leo unakwenda ukiwa umeoga, umevaa shati safi, unatembea wima, ndipo unaogopa watu wakikuona?

(Kicheko.)

Mnacheka, lakini najua aibu hii si mchezo, na kwa baadhi yetu ni nzito zaidi. Kwa Muislamu mnywaji, kuna aibu juu ya aibu. Anaona akikubali hadharani kuwa ana shida ya pombe amejivua dini. Basi anaendelea kunywa kwa siri, ananunua mbali na mtaa wake, anatafuna karafuu, na ugonjwa unakua gizani. Mimi nami ni Muislamu na ninalisema hili nikijua ninamwambia nani: kujisitiri ni jambo jema, na mkutano unakusitiri kuliko baa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi haya yameshawaumbua wengi waliokuwa na majina makubwa kuliko letu sisi.

Mkutano unakusitiri vipi? Mnatumia jina la kwanza tu, hata la kubuni ukitaka. Hakuna daftari la mahudhurio. Lililosemwa mle linabaki mle, na ukikutana na mwenzako sokoni Kongowea mnasalimiana kama watu wanaojuana tu, bila kueleza mlijuana wapi. Na fikiri hili: aliyekuona mle ndani, naye yuko mle ndani. Lakini sitawadanganya. Hilo ni sharti la heshima, si sheria ya mahakama. Binadamu wana midomo. Kama una jambo lenye kesi, au siri ya mtu mwingine, usilimwage mbele ya kikundi siku ya kwanza. Litunze uzungumze na mtu mmoja unayemwamini, au na mshauri, au na wakili.

Ukishaingia, unakuta nini? Watu wengi wana picha ya filamu vichwani: taa hafifu, watu wanalia. Mara nyingi unakuta chumba cha kawaida, viti vya plastiki vimepangwa duara, birika la chai, pengine mahamri, na watu wanacheka kuliko ulivyotarajia. Fika dakika 10 mapema. Atakayekuwa anapanga viti atakusalimu, mwambie ni mara yako ya kwanza, basi. Kaa popote. Kukaa nyuma si kosa.

Mwenyekiti wa siku, ambaye ni mwanachama kama wengine na kesho atakuwa mwingine, hufungua. Vikundi vingi huanza na dua fupi ya kuomba utulivu, na kusoma zile hatua 12, mwongozo wa AA wa kuacha pombe. Halafu mtu mmoja husimulia: hali ilivyokuwa, kilichotokea, na alivyo sasa. Wengine hufuata. Kila anayezungumza hutaja jina lake na kusema yeye ni mlevi, na wote humwitikia kwa jina. Likifika kwako, una ruhusa ya kusema, "Naitwa Juma, leo nasikiliza." Watakuitikia, watapita kwa anayefuata. Hakuna atakayekukazia macho. Na mtu akisimulia, wengine hawamkatizi, hawamjibu, hawamshauri. Hilo huwashangaza sana watu wetu, tuliozoea kwamba mtu akitaja shida yake, baraza zima linampa hukumu kabla hajamaliza sentensi. Mle ndani unasema mpaka mwisho, unashukuriwa, basi. Kwa mtu ambaye kwao hajasikilizwa miaka mitano, hiyo peke yake ni dawa.

Baada ya saa moja, au moja na nusu, mnafunga. Naomba msikimbie hapo. Kama ningepewa nafasi ya kuchagua dakika za kuhudhuria, ningechagua zile za chai baada ya mkutano. Hapo ndipo mtu anakuja kukupa namba yake na kukuambia, "Ukibanwa usiku, nipigie kabla ya kunywa, si baada." Ichukue. Na uipige siku ambayo huna shida, ili siku ya shida kidole kisione aibu. Baadaye, ukizoea, unamwomba mmoja aliyetangulia akushike mkono katika zile hatua. Wenyewe humwita sponsa. Utaratibu mzuri ni mwanamume na mwanamume, mwanamke na mwanamke.

Na hapo nina neno na kina dada. Mwanamke mnywaji hufichwa na jamii yake, na akijitokeza hutukanwa mara mbili ya mwanamume. Akiingia chumba chenye wanaume 14 na yeye peke yake, hofu yake si ya kipuuzi. Wapo wanaume, si wengi ila wapo, wanaomwona mgeni mwenye machozi kama mawindo. Mtu akianza kukutongoza wiki ya kwanza kwa jina la kukusaidia, mwambie mwanamke wa zamani kwenye kikundi, au mwambie mwenyekiti, na kama hawakusikii, hama kikundi. Kuhama kikundi si kuacha safari. Siku hizi kuna mikutano ya wanawake watupu kwa Zoom, na unaweza kuzima kamera. Mikutano hiyo ya mtandaoni imewafaa pia ndugu zetu walioko kazini nchi za Ghuba, ambao hata kutamka neno pombe mbele ya mwajiri ni hatari.

Wananiuliza: hii si dini ya watu? Zile hatua zinamtaja Mungu, ni kweli, na mwanzo wake ulitoka kwa watu wa Kikristo, hilo halifichwi. Lakini waliandika "Mungu kama tulivyomwelewa," na maneno hayo yamewafungulia mlango Waislamu, Wahindu, na hata wasioamini. Nawajua Waislamu wanaomaliza mkutano katika chumba cha kanisa kisha wakavuka barabara kuwahi Isha. Kama bado moyo wako unakataa, kuna njia nyingine kama SMART Recovery, isiyozungumzia dini kabisa bali mbinu za kuitawala akili na tamaa, nayo ina mikutano ya mtandaoni. Sina ubishi nawe. Ubishi wangu ni na yule anayetumia swali la dini kama kisingizio cha kubaki baa, ambako hamuulizi mhudumu anasali wapi.

Je, inafanya kazi? Mwaka 2020 taasisi ya Cochrane, ambayo kazi yake ni kukusanya na kupima tafiti za tiba, ilitazama tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Iliona kuwa programu zilizopangwa vizuri za kumwingiza mtu AA ziliwafikisha watu wengi zaidi kwenye kuacha kabisa kuliko tiba nyingine kama ile ya kubadili fikra na tabia. Kwa vipimo vingine zililingana. Kitu kinachoendeshwa bure na walevi wa zamani, kwa viti vya plastiki! Lakini mniangalie vizuri: tafiti hizo hazikusema kinamponya kila mtu. Mwenye sonona, mwenye majeraha ya kubakwa au ya vita, mwenye ini lililoharibika, anahitaji mkutano na kliniki pamoja. Na akitokea mwanachama mwenye juhudi akakwambia uache vidonge ulivyoandikiwa na daktari kwa kuwa "dawa ni dawa," mshukuru na usimsikilize. Hilo si fundisho la AA, ni lake.

Mkutano wa kwanza unaweza kukuchosha. Mzee mmoja atazungumza mno. Chumba kitakuwa na joto. Utajiambia, "Hawa wameharibika kuliko mimi, mimi bado nina kazi." Ni kama kutafuta fundi wa nguo: wa kwanza akikukosea kipimo huendi uchi maisha yako yote, unatafuta mwingine. Jaribu vikundi vitatu au vinne tofauti kabla hujatoa hukumu. Na sikiliza yanayofanana na yako, maana yasiyofanana utayaona tu bila kuyatafuta.

Ukiteleza, rudi. Rudi siku inayofuata, kabla aibu haijajenga nyumba. Ukifika ukiwa na harufu ya pombe, vikundi vingi vitakuacha ukae mradi huna fujo, ila watakuomba usikilize tu.

Kwa familia nitasema machache, maana wengi wenu mmekuja kwa ajili ya mtu ambaye leo hayupo hapa. Huwezi kumhudhuria mtu mkutano. Unaweza kumtafutia anwani, kumpa nauli, kumsindikiza mpaka getini kama ameomba. Usimfuate ndani kumpeleleza, na akirudi usimuulize "wamesema nini?" Muulize kama amekula. Na wewe mwenyewe una mahali pako: Al-Anon, vikundi vya ndugu na wake na waume wa wanywaji, vilivyoanzishwa mwaka 1951. Mke wa Bill Wilson, Lois, alikuwa mmoja wa waanzilishi, kwa sababu alitambua kuwa miaka ya kuishi na mlevi ilikuwa imemgonjesha na yeye. Huko hufundishwi kumbadilisha mumeo. Unajifunza kulala usingizi hata usiku ambao hajarudi.

Naona mkono pale. Ndiyo, mama.

(Mama mmoja aliuliza: "Sisi tunatoka Kaloleni. Huko mnazi ndio kazi, ndio shule za watoto, ndio matanga. Mkutano hakuna. Nauli ya kuja mjini kila wiki hakuna. Kijana wangu afanyeje?")

Asante, mama, umeuliza la kweli, na silipunguzi. Mahali ambapo mgema ni mjomba wako na karo imelipwa na mnazi, huwezi kumwambia mtu akae mbali na pombe. Ataishi wapi?

Kwanza, kama ana simu, aanze na ya mtandaoni, hata mara moja kwa wiki, mahali mtandao unaposhika. Aje mjini mara moja au mbili tu, apate sura na namba za watu. Halafu atafute mwenzake mmoja huko huko. Watu wawili watatu wanaokutana kwa nia ya kutokunywa, AA inawatambua kuwa kikundi. Hawahitaji kibali changu wala cha mtu yeyote Nairobi. Wachague mahali ambapo hapauzwi kitu: darasa la shule jioni, kibaraza cha zahanati, chini ya mwembe ikibidi. Siku moja, saa moja, isibadilike hata mvua ikinyesha, kwa sababu mtu wa tatu atakuja siku ambayo hamkumtarajia na lazima awakute. Msingoje wawe wengi. Zipo wiki atakaa peke yake na kiti kitupu mbele yake, akae hiyo saa nzima.

Kwenye mazishi na harusi asimame karibu na mtu anayejua, ashike soda mkononi tangu anapofika, maana mkono mtupu ndio unaojazwa. Akibanwa, aondoke bila kuaga. Matanga yataendelea bila yeye.

Namba ya watu wa mtandaoni nitakupa. Na wengine wenye kutaka anwani ya karibu yao, mimi niko pale kwenye meza ya chai mpaka ukumbi ufungwe saa kumi na mbili. Si lazima uniambie ni ya nani.